Moto, maji, ardhi, hewa: kwa nini mwanaelementi wako anapiga pigo moja kwa rangi nne

SWALI: Kaka, shikamoo. Sisi ni wanafunzi wa chuo, tunakaa Uyole, Mbeya, na Jumamosi jioni tunacheza michezo ya uhusika mezani, ile ya dadu na karatasi. Mimi ndiye msimulizi, yaani ninayeendesha mchezo. Nimeanza kuandika fani mpya ya mhusika, nimeiita mwanaelementi: anatumia moto, maji, ardhi na hewa. Nimempa mapigo manne, moja kwa kila elementi, lakini wachezaji wangu wanasema ni pigo moja lililopakwa rangi nne, halafu wote wanachukua moto. Mmoja anataka radi, mwingine anataka chuma. Je, kuna haja ya fani mpya kweli, au nimwache mchawi wa kawaida achague kauli zake (maneno ya kichawi) za moto yaishe? Na kama haja ipo, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Poleni na baridi ya Uyole.

Wachezaji wako wamesema kweli, na wala usiwaone wana tamaa. Wamepiga hesabu. Umewapa mapigo manne ya dadu mbili za pande sita, kila moja wastani wa pointi 7 za kumjeruhi adui. Lakini moto, hata kama hukuandika popote, unawasha paa la nyasi, unamulika pango, unafukuza fisi na unachemsha chai. Yaani umewauzia bidhaa nne kwa bei moja, na moja ina nyongeza. Hata mimi ningechukua moto.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko karatasi yako. Dungeons & Dragons (D&D), mchezo uliozaa aina hii yote, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukiwa na fani tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Elementi zilikuwemo tangu hapo, ila zilikuwa viumbe. Mchawi aliyepanda ngazi aliweza kuita dude la moto au la maji likamfanyia kazi, na umakini wake ukikatika katikati ya vita, dude linamgeukia yeye. Wachezaji walikuwa wakifikiri mara mbili kabla ya kuliita. Kadiri matoleo yalivyofuatana, elementi ikazidi kuwa jina linaloandikwa pembeni ya pigo: hili la moto, hili la baridi, hili la tindikali. Toleo la tano la mwaka 2014 lilileta mtawa wa elementi nne, na wengi waliomcheza walinung'unika kwamba analipa pointi nyingi kwa mambo ambayo mchawi anayafanya bila kutoka jasho.

Tazama mpira wa moto wa toleo hilohilo, kauli maarufu kuliko zote. Dadu nane za pande sita, wastani pointi 28, kwa kila aliyemo ndani ya futi 20 kutoka katikati, kama mita sita hivi. Mchawi anaurusha pangoni, juu ya ziwa, kwenye mvua ya masika, na hesabu inabaki ileile. Kwake mahali hapana neno. Elimu yake iko kwenye kitabu, kitabu kiko mkobani, basi. Simlaumu, maana mchawi msomi ameumbwa hivyo: anajua kidogo cha kila kitu na anakwenda nacho popote.

Mwanaelementi anapata sababu ya kuwepo pale tu ambapo mahali panamhusu. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza. Kama mtu wako atarusha moto uleule Mbeya mjini, ndani ya mgodi wa Chunya na katikati ya Ziwa Nyasa, usiandike fani mpya. Mpe mchawi kauli za moto, mshone joho jekundu, mwendelee. Lakini kama swali lake la kwanza kila akiingia mahali ni "hapa pana nini?", hapo una mtu ambaye hakuna fani nyingine inayomfanana, na inafaa kumwandikia ukurasa wake.

Kabla ya kuandika, ijue ilikotoka ile hesabu ya nne. Huenda unadhani ni ya kigeni kabisa, kumbe umeisikia tangu utotoni. Nyota za falaki, zile alizotusomea marehemu Sheikh Yahya Hussein, zimegawanywa hivyohivyo: Punda, Simba na Mshale ni za moto, Kaa, Nge na Samaki ni za maji, na nyinginezo ni za udongo na za upepo. Mzizi wake ni Empedocles, Mgiriki wa mji wa Akragas kisiwani Sicily, katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Yeye alisema vitu vyote vimetokana na moto, hewa, maji na ardhi, vikiunganishwa na Upendo na kutenganishwa na Ugomvi. Karne iliyofuata Aristotle akaongeza jambo ambalo kwa mtunzi wa michezo ni dhahabu: kila elementi ni mchanganyiko wa hali mbili. Moto ni joto na ukavu. Hewa ni joto na unyevu. Maji ni baridi na unyevu. Ardhi ni baridi na ukavu.

Ichore hiyo kwenye karatasi iwe duara na utaona majirani na mahasimu. Moto na hewa wanagusana kwenye joto, hewa na maji kwenye unyevu, maji na ardhi kwenye baridi, ardhi na moto kwenye ukavu. Moto na maji hawana wanachoshirikiana, na hewa na ardhi vivyo hivyo. Pathfinder, mchezo uliotoka ubavuni mwa D&D mwaka 2009, uliwapa wachawi wake shule za elementi kwa mpangilio huohuo: anayesomea moto anabanwa kwenye maji, anayesomea hewa anabanwa kwenye ardhi. Kwako wewe inatosha kanuni moja: mhusika anaanza na elementi moja, baadaye anaweza kuongeza jirani yake, hasimu hampati kamwe. Kanuni hiyo peke yake itawatawanya wachezaji wako, kwa sababu anayeutaka moto anajua tangu siku ya kwanza kwamba ameyafunga maji.

(Kwa mabano tu: D&D iliwagawa hata majini kwa hesabu hiyo. Djinni ni wa hewa, efreeti wa moto, marid wa maji, dao wa ardhi. Mchezaji aliyefundishwa madrasa kwamba majini wote wameumbwa kwa moto atakubishia, na atakuwa na hoja. Mimi majini siwaweki mezani kabisa. Na mkicheza barazani kwenye nyumba ya kupanga, punguzeni sauti mnapotaja uchawi; mama mwenye nyumba hazioni dadu, anasikia maneno tu.)

Sasa chanzo cha nguvu. Kanuni ninayoitumia mimi ni kwamba mwanaelementi haumbi kitu, anakichukua kilichopo, na ukubwa wa chanzo ndio ukomo wa pigo. Jiko la mkaa linampa dadu moja. Moto wa kambi, mbili. Tanuri la matofali linalowaka, nne. Usihofu kwamba utawanyima raha, maana ndani ya nusu saa mmoja atakuuliza kama anaweza kutembea na kiberiti, mwingine atabeba dumu la maji la lita tano mgongoni. Waruhusu. Njiti ya kiberiti ni moto, lakini ni moto wa kuunguza nyusi. Dumu ni maji, lakini lina kilo tano, na mtu wa kukimbia mlima nalo ni nani? Mchezo umeshaanza kuleta uamuzi, na wewe hujafanya lolote ila kukataa kutoa vya bure.

Wewe una bahati ya kuishi mahali ambapo kanuni hii inajieleza. Chukua mapambano yaleyale, majambazi sita wamezuia njia. Yaweke kwanza Mufindi mwezi Oktoba, ndani ya msitu wa misonobari wa Sao Hill, ambapo sindano kavu zimelala chini na upepo unavuma. Mtu wa moto hapo ni mfalme, tena mfalme wa kuogopwa na wenzake, kwa sababu akiuachia hauzimiki kwa dadu. Kisha yahamishie Kitulo mwezi Februari, kwenye mwinuko wa mita kama 2,600, maua yamechanua, nyasi zimelowa na ukungu umeshuka hadi magotini. Mtu yuleyule hapo hana kitu. Mwenzake wa maji anavuta ukungu wote kama shuka. Hukubadilisha hata namba moja kwenye karatasi zao.

Tukija kwenye mapigo yenyewe, usiulize elementi inaumiza kiasi gani. Uliza inafanya tendo gani ambalo nyingine haiwezi.

Moto unakua. Ndiyo tabia yake, na ndiyo kanuni yake. Raundi ya kwanza mpe dadu moja ya pande sita, ya pili mbili, ya tatu tatu, mradi una cha kula na mwanaelementi anatumia zamu yake kuuchochea. Piga hesabu: wastani ni 3.5, kisha 7, kisha 10.5, jumla 21. Mchawi anayerusha dadu mbili kila raundi naye anafika 21 raundi ya tatu. Wako sawa! Tofauti inakuja raundi ya nne, ambapo moto unatoa dadu nne, wastani 14, na mchawi bado yuko kwenye 7 yake. Mapambano mengi mezani huisha raundi ya tatu au ya nne, kwa hiyo mtu wa moto anakaa na swali zito: niwahi kummaliza huyu adui kwa upanga, au nivumilie moto ukomae? Halafu ongeza hiki: akiacha kuuchochea, hauzimiki. Unaendelea, ila msimulizi ndiye anayeamua unaelekea wapi, na msimulizi mwenye haki huufuata upepo na nyasi kavu, hata kama kwenye nyasi hizo amelala mganga wa kikosi.

Maji yanasogeza. Usiyape pigo lolote mwanzoni, uone watu watakavyonuna, kisha uone wanavyobadilika. Kila raundi mtu aliyeshikwa na mkondo anasogezwa mita tatu kuelekea chini, na neno "chini" ndilo lenye kazi. Kwenye uwanja tambarare hilo ni usumbufu mdogo. Kwenye kingo za Mto Kiwira ni hukumu. Pale Rungwe mto huo unapita chini ya Daraja la Mungu, mwamba wa lava unaouvuka kutoka ukingo hadi ukingo, na sehemu nyingine, Kijungu, maji yote yanajitumbukiza kwenye shimo la mwamba yakipiga kelele. Adui aliyeshindikana kwa upanga raundi tano anaweza kuondoka kwa raundi mbili akiwa amesimama mahali pabaya. Baridi nayo iweke humu, usiifanye elementi ya tano. Kwa Aristotle ni hali, na maji ndiyo yanayoibeba. Usiku wa Julai Makete au Njombe, sakitu inapounguza majani ya viazi, mtu wa maji anaweza kugandisha matope yaliyomshika adui miguuni. Usiku wa Januari Kyela hawezi, na asikubembeleze.

Ardhi inachelewa. Anachokifanya mtu wa ardhi zamu hii kinatokea zamu ijayo, lakini kikitokea kinabaki. Ukuta wake unabaki ukuta hata yeye akifa. Mpe pia kusikia, kwa sababu udongo unahifadhi nyayo na mwamba unahifadhi mengine. Hapa kwetu Iringa tuna Gangilonga, mwamba ulio juu ya mji, ambao watu huuita jiwe linaloongea, na simulizi zinamtaja Mkwawa mwenyewe kwamba alikuwa akiupandia. Mhusika anayeweza kuweka kiganja kwenye jiwe kama lile na kuuliza ni nani aliyepita hapa juzi, huyo atapata mchezaji wake. Siku zote kuna mmoja mezani asiyependa kupigana.

Hewa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo tamu kuliko zote. Wasimulizi wengi huipa "upepo unaomsukuma adui", wakaishia hapo, na huko ni kumwibia mtu wa maji kazi yake. Hewa ibebe. Ibebe sauti, harufu, pumzi. Mtu wa hewa anasikia maneno ya walinzi ng'ambo ya bonde kama upepo unatoka huko, na kama unakwenda huko, wao watamnusa. Na kwenye pumzi kuna jambo la kwenu kabisa. Katika milima ya volkano ya Rungwe kuna sehemu ambako kaboni dayoksaidi hutoka ardhini yenyewe. Ni gesi ileile inayovunwa huko na kupelekwa kwenye viwanda vya soda. Ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu, hivyo siku tulivu hutuama kwenye vishimo na mabonde madogo, haina rangi, na mnyama anayeinama kunywa maji humo anaweza asiinuke. Sasa weka bonde la namna hiyo kwenye ramani yako. Mpiganaji haoni kitu. Mchawi haoni kitu. Mtu wa hewa peke yake anajua kwamba pale chini pamejaa kitu kisichovutika, na akiwa na akili atawavuta majambazi waingie, au ataisomba gesi yote aimwage juu ya kambi yao wakiwa wamelala. Hakuna dadu ya pigo hata moja hapo, na wachezaji watalikumbuka bonde hilo kuliko mpira wa moto wowote.

Tatizo jingine litakujia mkifika ngazi za juu, nalo ni ukinzani. Moto una sifa mbaya hapo, kwa kuwa viumbe wengi wa D&D aidha hawaungui au wanaungua nusu. Kuna kipaji cha toleo la 2014 kinachomwezesha mchawi kupuuza ukinzani wa elementi moja, na pia kuihesabu dadu ya pigo iliyotoa 1 kuwa imetoa 2. Lakini dhidi ya kiumbe asiyeungua kabisa hakisaidii kitu. Usikiige. Kama moto wako kazi yake ni kuumiza tu, joka lisiloungua limemfuta mchezaji wako usiku mzima. Kama kazi yake ni kukua, kutoa moshi, kuangusha nguzo za paa na kumfanya adui aone njia moja tu ya kutokea, joka lisiloungua bado linabanwa na nyumba inayoanguka.

Bei nayo usiisahau, kwa sababu nguvu inayotoka mahali, kama hailipiwi, itachukuliwa hadi mahali paishe. Mfano bora ninaoufahamu ni fani ya kineticist, mtu wa elementi, katika Pathfinder. Ilipotoka mwaka 2015 ililipa kwa mwili: kila ukitaka kupita kiasi unajiunguza, pointi moja kwa kila ngazi uliyonayo, na jeraha hilo haliponywi na mganga wala dawa mpaka ulale usiku kucha. Wachezaji waoga waliichukia. Toleo la mwaka 2023 likabadilisha bei: mhusika anajizungushia elementi yake, anatumia mapigo madogo apendavyo bila kuhesabu nafasi kama mchawi, lakini akitoa pigo kubwa lile zingo linazimika, lazima atumie muda kulikusanya upya. Mimi naipenda bei ya kwanza kwa hadithi na ya pili kwa meza yenye wachezaji wapya. Nyie bado wachanga, chukueni ya pili. Mtu akitoa pigo kubwa, zamu inayofuata ni mtu wa kawaida mwenye fimbo.

Huyo anayetaka chuma, msikilize kwa makini, maana ana mashahidi. Wachina hawakuhesabu nne. Wao wanahesabu tano: mti, moto, udongo, chuma na maji, na zinakwenda kwa mizunguko miwili. Katika mmoja zinazaana, mti unalisha moto, moto unaacha majivu ya udongo, na kuendelea. Katika mwingine zinashindana, maji yanazima moto, moto unayeyusha chuma, chuma kinakata mti. Hata kineticist wa 2023 aliongezewa mti na chuma, akafikisha sita. Ni mpango mzuri, lakini ukiuchanganya na duara la Aristotle utapata vurugu, kwa hiyo chagua mmoja.

Mimi ningebaki na nne na chuma ningekifanya mzao. Ndivyo wahunzi wa nyanda hizi walivyokijua. Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo kupita kimo cha mtu, yenye matundu chini, na upepo ukaingia wenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kikasafishwa kwenye tanuri dogo, lile sasa la mivukuto. Ludewa nako, Wapangwa walifua chuma kabla ya mtu kuandika ripoti juu ya chuma cha mlima wa Liganga. Ardhi yenye madini, moto wa mkaa, hewa inayovutwa: elementi tatu kwenye tanuri moja. Basi mchezaji wako apate chuma akiwa na moto na ardhi mkononi, na rafiki wa hewa ubavuni. Hawezi peke yake. Umempa alichotaka na umewalazimisha wawili wakae pamoja.

Na kama unataka kumtisha mtu wa ardhi, mpeleke Mbozi, mkoani Songwe, kwenye kile kimondo. Ni pande la urefu wa kama mita tatu, lina uzito wa zaidi ya tani kumi, na karibu asilimia 90 yake ni chuma. Aweke kiganja juu yake, aulize. Kisimjibu. Hakikuzaliwa na ardhi hii.

Radi, hapana, si ya moto, ingawa kila mchezaji ataiomba kama tawi la moto kwa vile inang'aa na inaunguza. Iweke kati ya hewa na maji, mawinguni inakotoka, ambako chembe za barafu na matone vinasuguana katika hewa inayopanda. Aitakaye awe na hayo mawili, na juu awe na wingu la kweli. Tukuyu wingu halikosekani, Ruaha mwezi Agosti atalisubiri sana. Bei yake iwe hii: anaita, lakini hachagui. Radi inampiga aliye juu zaidi au aliyeshika chuma kirefu mahali pa wazi, na msimulizi ndiye anayehesabu. Utaona mpiganaji mwenye mkuki akilala chini kifudifudi bila kuambiwa na mtu. Utani wa Sumbawanga, kwamba huko radi hutumwa, uacheni kwa watani wenyewe. Ndani ya mchezo ukianza kusema radi ni ya kabila fulani, mmeshatoka kwenye mchezo.

Kuhusu kuanzia: usiandike ngazi ishirini. Andika tatu. Ngazi ya kwanza, elementi moja na tendo lake. Ya pili, pigo kubwa na bei yake. Ya tatu, hapo mwache achague moja kati ya mawili: kuzama zaidi kwenye elementi yake, au kuongeza jirani. Kineticist wa sasa ana njia panda ya namna hiyo katika ngazi kadhaa, na wachezaji huijadili kwa wiki nzima kabla ya kuamua. Kisha cheza pambano lilelile la majambazi sita mara tatu, mahali patatu tofauti, msitu mkavu, kingo za mto na bonde lenye gesi, kila mchezaji akibadilishana elementi na mwenzake. Andika pembeni nani alikuwa na kazi na nani alikaa akichezea simu. Moto ukiongoza sehemu zote tatu, usiuguse kwenye dadu. Punguza kuni kwenye ramani.